Ramani ya kontua kwenye zumo XT, njia ya Engare Sero hadi Loliondo: ipi, na inapakiwaje?

Vumbi_Kaskazini

Habari zenu wakuu. Nina zumo XT (GPS ya pikipiki ya Garmin) ya soko la Ulaya, na ramani iliyokuja nayo ni ya Ulaya peke yake. Hapa Arusha inaonyesha barabara kuu chache na majina ya miji, basi. Nahitaji ramani ya topografia yenye kontua (mistari ya mwinuko), njia za vumbi, makorongo na vijiji kwa mzunguko huu: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Engaruka, Engare Sero, kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Sale na Wasso, kurudi Engare Sero, kisha kutokea Longido kupitia Gelai na Kitumbeine. Pikipiki ni ya 250cc, tairi za vumbi.

Nauliza: kati ya ramani za bure na za kulipia ipi inafaa huku? Niweke kwenye kifaa au kwenye kadi? Kontua za mita ngapi? Na ikipatikana ramani, nitajuaje kama itanipigia ruti au ni picha ya kutazama tu?

---

Mchoraramani

Mkuu, anza na barabara, kontua zije baadaye. Wengi huchagua ramani kwa uzuri wa milima halafu wakifika Engaruka hawaoni njia. Kwenye pikipiki kontua inakuambia mambo mawili: mteremko ni mkali kiasi gani, na bonde linaelekea wapi. Kama njia inapitika hilo kontua haijui.

Na haijui korongo. Data nyingi za mwinuko unazopata bure zinatokana na SRTM, rada iliyorushwa na chombo Endeavour Februari 2000. Kila kipimo kinasimamia eneo la takriban mita 30 kwa 30. Korongo la mchanga lenye kina cha mita 4 na upana wa mita 10 linamezwa ndani ya kipimo kimoja. Kwenye ramani utaona uwanda laini, kumbe ardhini kuna ukuta. Kati ya Engaruka na Engare Sero makorongo ya namna hiyo yako mengi, yanashuka kutoka ukingo na kutoka Kerimasi. Usiyatafute kwenye kontua. Tafuta mistari ya mito ya msimu, ile ya bluu ya vipande vipande, uhesabu inapokata njia yako. Kila makutano ni kivuko, na wakati wa masika ni mahali pa kusimama na kukagua kwa miguu kwanza.

Hitilafu nyingine ya data hiyo ni msituni. Rada hairudi kutoka ardhini tu, inarudi pia kutoka kwenye majani, kwa hiyo kwenye msitu mnene kama Magamba kule Lushoto mwinuko unasogea juu kwa sehemu ya urefu wa miti. Kwenye nyika ya Natron hilo halikuhusu.

Sasa ramani zenyewe. Karibu zote za bure unazoweza kupakua kwa Garmin zinatoka OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Tofauti ni mchoro na kama zina kontua. OpenTopoMap ina faili la nchi kwa nchi, Tanzania ikiwemo, na kontua zake ziko kwenye faili la pili linalojitegemea. Yapakue yote mawili. BBBike inakuruhusu kuchora eneo lako mwenyewe, unachagua muundo wa Garmin, halafu kiungo kinakuja kwenye barua pepe. Hii inafaa ukitaka kuvuka mpaka, kwa sababu mafaili ya nchi moja hukatwa mpakani na ukifika Namanga upande wa pili unakuwa mweupe.

Za kulipia, inayojulikana zaidi Afrika ni Tracks4Africa. Nguvu yake ni njia zilizokusanywa na wasafiri wenyewe, pamoja na kambi, mafuta na muda halisi wa safari kipande kwa kipande. Kwa njia kuu za porini ni nzuri sana. Kwa vinjia kati ya kijiji na kijiji OpenStreetMap mara nyingi imeipita, hasa Mara ambako wachoraji wa kujitolea wa Crowd2Map wamechora vijiji kwa miaka. Ramani ya kulipia hufungwa kwa kadi au kwa kifaa, kwa hiyo amua mapema utaitumia wapi.

Kwa njia yako ningechukua OpenStreetMap na kontua za mita 20. Za mita 10 zinajaza kioo pale ukingoni hadi njia yenyewe haionekani, na kifaa kinachelewa kuchora. Za mita 50 zinaficha vilima vidogo vya Kitumbeine.

---

Kadi_ya_Ramani

Naongeza upande wa kupakia, maana hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Weka kwenye kadi, usiweke ndani ya kifaa. XT ina GB 32 za ndani lakini ukiunganisha kwa waya kompyuta inaiona kama simu, si kama diski. Uhamishaji ni wa polepole na ukikatika katikati faili linabaki bovu bila onyo. Kadi unaitoa, unaiweka kwenye kisomeo, dakika chache umemaliza. Na ramani ikileta shida hadi kifaa kigome kuwaka vizuri, unachomoa kadi na kifaa kinarudi kama kilivyokuwa.

Kadi ya GB 32 inatosha na kubaki. Ifomati FAT32, huo ni mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye kadi. Kadi za GB 64 kwenda juu huja na exFAT kutoka kiwandani, vifaa vingi vya Garmin haviisomi, na kidirisha cha kawaida cha Windows kinakataa kutengeneza FAT32 juu ya GB 32. Kadi ya GB 32 inakuepusha na yote hayo. FAT32 haipokei faili moja lililofika GB 4. Kwa Tanzania peke yake hufiki huko, lakini ukichora Afrika Mashariki yote kwa kontua za mita 10 utafika.

Kwenye kadi tengeneza folda moja inayoitwa Garmin, weka ndani yake mafaili yanayoishia .img. Majina yape unavyotaka, mfano tz-barabara.img na tz-kontua.img. Vifaa vya zamani vilisoma jina moja tu, gmapsupp.img, XT inasoma jina lolote. Ikiwa ramani haitokei kabisa, hamishia mafaili kwenye folda inayoitwa Map kwenye kadi hiyo hiyo, ujaribu tena.

Ukitumia Mac, fungua folda kwa kuonyesha mafaili yaliyofichwa na ufute yote yanayoanza na nukta na mstari wa chini, kama ._tz-barabara.img. Mac huyaandika yenyewe, na kifaa kinaweza kudhani ni ramani kikakwama.

Toa kadi kwa njia salama, weka kwenye kifaa kikiwa kimezimwa, washa. Mara ya kwanza kitachelewa kwa sababu kinasoma ramani mpya. Usikizime hapo. Kisha nenda mipangilio ya ramani, fungua orodha ya myMaps, washa zote mbili: ya barabara na ya kontua. Kama umeweka ramani mbili za barabara za eneo moja, washa moja tu. Zikiwaka mbili, moja inaifunika nyingine na hutajua ruti imetoka ipi.

Kujua kama inapiga ruti ni rahisi: ukiwa nyumbani gusa kijiji kilichoko ndani kabisa, mfano Engare Sero, uamuru kwenda. Ikileta kona na umbali, inapiga ruti. Ikileta mstari ulionyooka juu ya milima, au ikisema hakuna barabara karibu, ni ramani ya kutazama tu.

---

Zuhura_Ruti

Kabla hujalaumu ramani, kagua orodha ya vitu vya kuepuka. XT ikiwa imeambiwa iepuke barabara zisizo na lami, kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero itagoma au itakuzungusha mamia ya kilomita. Zima hiyo.

Ruti na treki ni vitu viwili. Ruti ni vituo vichache, katikati yake kifaa kinajitafutia njia kwa ramani iliyowaka wakati huo. Ukichora ruti kwenye kompyuta kwa ramani moja na kifaa kina ramani nyingine, ikifika kwenye kifaa inapigwa upya na inaweza kukupeleka kwingine. Treki ni nukta zilizokwisha kupangwa. Haibadiliki, wala haijali ramani ipi imewaka. Kwa kipande cha Engare Sero kupanda hadi Sale na kwa Gelai–Kitumbeine–Longido chora treki juu ya picha ya satelaiti, hifadhi kama faili la GPX, weka kwenye folda ya GPX ya kifaa, ifungue kwenye sehemu ya treki na uipe rangi inayoonekana juani. Zambarau au bluu nzito ni nzuri, njano inapotea kwenye vumbi.

Ruti itumie kwenye lami hadi Mto wa Mbu, na ukishatoka Longido kurudi Arusha.

---

Mchoraramani

Zuhura yuko sahihi. Na kama ruti inaruka kipande kifupi bila sababu, inatoka njiani na kurudi mbele, mara nyingi ni kosa la mchoro: njia mbili zinaonekana zimegusana lakini hazishiriki nukta moja, kwa hiyo kwa kifaa hazijaungana. Kuza hapo kwenye OpenStreetMap, unganisha nukta, hifadhi. Nakala ya data ya nchi kwenye tovuti ya Geofabrik hutengenezwa kila siku, kwa hiyo siku moja au mbili baadaye ukitengeneza ramani upya kosa limeondoka. Wengine watakaopita baada yako watakuta njia iko sawa.

---

Vumbi_Kaskazini

Asanteni sana wakuu. Nimepakua, barabara zimetokea na ruti inapiga. Ila nataka kutengeneza mwenyewe ili niwe na data ya wiki hii. Nimejaribu splitter na mkgmap (programu za kukata data ya OpenStreetMap vipande na kuigeuza ramani ya Garmin), nikatengeneza barabara, nikatengeneza kontua. Matatizo mawili: kwanza zikiwa zote kwenye kadi, kwenye orodha linatokea jina moja tu. Pili, nikiacha ya kontua peke yake pamoja na ile niliyoipakua, kontua zinaonekana lakini barabara zimefutika zote.

---

Kadi_ya_Ramani

La kwanza ni namba ya familia. Usipotaja, mkgmap inazipa ramani zote 6324, na vipande vinaanza 63240001. Ramani mbili zenye namba moja kifaa kinaziona kama ramani moja. La pili: kontua hukuzitengeneza angavu, kwa hiyo ni kama karatasi nyeupe iliyowekwa juu ya barabara.

Fanya kazi hizi kwenye folda mbili tofauti, kwa sababu matokeo yote mawili yanaitwa gmapsupp.img na la pili litalifuta la kwanza.

Folda ya barabara:

java -Xmx4g -jar splitter.jar --mapid=74100001 --max-nodes=1000000 tanzania-latest.osm.pbf

java -Xmx4g -jar mkgmap.jar --route --family-id=7410 --family-name="TZ barabara" --gmapsupp -c template.args

Folda ya kontua (pyhgtmap ndiyo inayotengeneza mistari kutoka data ya SRTM):

pyhgtmap --area=35.4:-3.6:37.0:-1.9 --step=20 --line-cat=200,100 --source=srtm1 --pbf

java -Xmx4g -jar mkgmap.jar --transparent --draw-priority=28 --family-id=7411 --family-name="TZ kontua" --mapname=74110001 --gmapsupp lon*.osm.pbf

Eneo linaandikwa magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Hayo niliyoweka yanatosha mzunguko wako wote. Data ya srtm1 inataka ujisajili kwanza, ni bure. Kipaumbele cha kuchorwa cha kawaida ni 25. Kontua tumezipa 28 ili zikae juu ya barabara, na kwa sababu ni angavu hazifuniki kitu. Mpangilio wa maneno una maana: mkgmap husoma kutoka kushoto, chaguo lililoandikwa baada ya template.args au baada ya mafaili halifanyi kazi kwa yale yaliyotangulia. Watu hupoteza jioni nzima hapo.

Ikiisha, badilisha majina ya mafaili mawili, yaweke kwenye kadi. Ramani uliyoipakua ikigongana namba na nyingine, programu ya JaVaWa GMTK inabadilisha namba bila kutengeneza upya. Angalia tu kwamba faili la rangi, TYP, lina namba ile ile ya familia. Zikitofautiana ramani inafanya kazi lakini rangi zinarudi za kawaida na njia za vumbi zinakuwa nyembamba kama uzi.

Ukikosa kontua hata baada ya hayo, kuza hadi mita 500 au chini ya hapo. Zimewekwa zisionekane ukiwa mbali, na kiwango cha undani wa ramani kikiwa chini zinafichwa zaidi.

---

Karatasi_50000

Nawaomba msisahau karatasi. Mfululizo wa Y742 wa 1:50,000 wa Idara ya Upimaji na Ramani, na Y731 kwa upande wa Kenya, una visima, majina ya vilima na makorongo yaliyochorwa na watu kutoka picha za ndege. Majina mengi ya Kimaasai yako humo na kwenye OpenStreetMap hayapo bado. Ni za zamani, barabara zimehama, ila mabonde hayajahama.

Mtego ni datumu, yaani msingi unaotumika kuhesabu latitudo na longitudo. Karatasi hizo ni Arc 1960, kifaa ni WGS84. Ukichukua namba za karatasi na kuziingiza kwenye kifaa bila kubadilisha, unakosea karibu mita 300, zaidi kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwenye uwanda hutagundua; ukitafuta kisima au mdomo wa njia ya kupanda ukingo, mita 300 ni bonde jingine.

Kwa njia hii kuna mtego wa pili. Meridiani ya 36 Mashariki inapita hapo hapo Natron, na ndiyo mpaka wa kanda za UTM, gridi ya mita iliyochapwa kwenye karatasi. Ol Doinyo Lengai, Sale na Wasso viko kanda ya 36 Kusini. Longido na Kitumbeine viko kanda ya 37 Kusini. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, karatasi ya upande wa Wasso ipe namba ya gridi EPSG:21036 na ya Longido EPSG:21037. Ukizipa zote moja, upande mmoja utaruka takriban kilomita 670.

Skani karatasi, kwenye QGIS weka nukta kwenye makutano ya gridi yaliyochapwa, nne za pembeni na mbili tatu za katikati, usitumie makutano ya barabara. Geuza kuwa WGS84. Picha ya namna hiyo iweke kwenye simu kama GeoTIFF (picha inayojua mahali pake duniani), ndani ya Avenza au programu nyingine inayoisoma. Njia ya kuweka picha ndani ya Garmin yenyewe kama faili la KMZ ni ya vifaa vya mkononi kama Montana na GPSMAP.

---

Zuhura_Ruti

Hapo kwenye simu nyongeza moja. Iweke mfukoni au kwenye begi la tangi, usiifunge kwenye usukani. Apple wenyewe walitoa onyo mwaka 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye kidhibiti cha mtikisiko. Barabara ya mawe ya Engaruka inatikisa zaidi ya injini.

Na nakala ya kadi: ikishafanya kazi, nakili folda nzima kwenye kadi ya pili ya aina ile ile, ijaribu ndani ya kifaa, kisha ifunge kwenye kimfuko cha plastiki na uiweke mbali na ile ya kwanza.

---

Vumbi_Kaskazini

Zote mbili zinaonekana sasa, majina mawili kwenye orodha, na barabara zipo chini ya kontua. Kosa lilikuwa namba ya familia pamoja na --transparent niliyoiandika mwisho, baada ya mafaili. Nimehesabu makutano ya mito ya msimu kati ya Engaruka na Engare Sero na kuweka alama kila moja. Karatasi za Y742 nazifuatilia.

---

Karatasi_50000

Ukizipata, soma kwanza mwaka wa picha za ndege chini ya karatasi, pale pembeni. Ndio utakaokuambia barabara zipi uzipuuze.